Mtoto Aliyemwimbia Mama Yake Wimbo wa Wageni

Jumamosi hiyo ya Juni 2024 tulikuwa tunachambua maharage. Ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote kwenye makao yale ya watoto, nje kidogo ya Kampala, kwa sababu haina makelele. Mnakaa kwenye mkeka nyuma ya jiko, ungo katikati, mikono inafanya yake na midomo inafanya yake. Vijana wengine wa kanisa letu walikuwa uwanjani wakicheza mpira na watoto. Wengine walikuwa wanapaka rangi ukuta wa bweni, ukuta ambao kundi jingine lilikuwa limeupaka Pasaka ya mwaka huohuo.

Pembeni yangu alikaa mvulana wa miaka minane. Alikuwa na namna yake ya kuchambua. Hakuhangaika kuyatafuta mawe. Aliupeta ungo kidogo, akauinamisha, akangoja, halafu akapitisha kidole upande wa chini tu. Nikamuuliza kwa Kiswahili, maana nilijua asili yake ni Kongo, nani kamfundisha. Akajibu bila kuinua macho: "Mama anasemaka jiwe ni zito, litateremka lenyewe."

Anasemaka. Hakusema "alisema". Mimi ni mzaliwa wa Busia, Kiswahili changu ni cha mpakani, lakini nimesali miaka mingi na Wakongomani wa Katwe, mtaa wa Kampala, na najua ile "-ka" ya mwisho inabeba nini kwenye Kiswahili cha Kivu: jambo la kila siku, mazoea ya mtu aliye hai. Jioni nilimwomba matroni anionyeshe faili lake. Lilikuwa na ukurasa mmoja, mwandiko wa kalamu ya buluu: "Yatima. Wazazi wote walifariki vitani, Kongo."

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wanaojitolea kama mimi, watu wa kanisa wenye moyo na wenye Jumamosi moja ya mwezi. Mtoto, makao na kanisa letu sitavitaja, na alama chache nimezifuta ili asitambulike. Makosa yetu sikuyafuta.

Miezi sita

Mama yake alivuka mpaka pale Bunagana Juni 2022, siku zile waasi wa M23 walipouteka mji. Mume walipotezana njiani na hadi leo hana habari zake. Akalala siku kadhaa kwenye kituo cha mapokezi cha Nyakabande, wilaya ya Kisoro, yeye na mtoto wake huyo mmoja. Wenzake wengi walipakiwa kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako mtu hupewa kiwanja na mgao. Yeye alikuwa na binamu Katwe, akapanda basi la Kampala. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kutembea na kufanya kazi. Kile ambacho watu hawamwambii mgeni ni kwamba mgao haumfuati mjini: ukichagua Kampala, umechagua kujilisha. Akaanza kutembeza vitenge, viwili mkononi na vinne begani, kutoka Katwe hadi Nsambya na kurudi.

Mwisho wa mwaka akaanza kukohoa. Akapimwa, ni kifua kikuu. Dawa zake kwenye vituo vya serikali ni za bure na matibabu ya kawaida ni miezi sita, kwa hiyo ugonjwa wenyewe ulikuwa na njia. Shida ilikuwa chumba. Binamu ana watoto wanne, chumba ni kimoja, na hofu ya kifua kikuu haisikilizi mhudumu wa afya anayesema kwamba mgonjwa akishakunywa dawa wiki chache hatari ya kuambukiza hupungua sana. Jirani mmoja, mama wa maombi kwelikweli, akasema anayajua makao ya watoto yaliyo nyuma ya Kajjansi, barabara ya Entebbe. Januari 2023 akampakia mtoto kwenye boda akampeleka.

Langoni jirani ndiye aliyezungumza. Alisema wazazi wamekufa. Baadaye alinieleza, bila aibu na bila kujitetea, kwamba alidhani akisema mama yupo hawatampokea mtoto. Na mama mwenyewe? Alikuwa amefuata kwa boda ya pili. Alibaki barabarani kwenye kibanda cha chapati, barakoa usoni, akimwangalia mwanawe akiingia.

Julai 2023 alimaliza dawa, akapimwa, akaonekana amepona. Akaenda langoni peke yake. Mara ya kwanza mlinzi alimwambia si siku ya wageni. Mara ya pili alionana na mtu wa ofisini, akajitambulisha, na huyo mtu hakumfukuza. Alimpa kiti. Akamweleza kwamba mtoto keshapata mfadhili Marekani, anasoma shule nzuri, anakula mara tatu, na nafasi hiyo akiiacha itakwenda kwa mwingine. "Fikiri vizuri, mama." Akafikiri. Akarudi Katwe.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Hakuna aliyeiba mtoto katika kisa hiki. Jirani alisaidia, matroni alipokea, mtu wa ofisini alitoa ushauri ambao mimi mwenyewe ningeweza kuutoa, na mama alitii kwa upendo. Tatizo la miezi sita likageuka kuwa maisha, kwa sababu kila mlango mtoto aliopitia ulikuwa wa kuingilia tu.

Kumi na moja

Kati ya mwezi ambao mama alipona na ile Jumamosi ya maharage, kundi letu lilitembelea makao hayo mara kumi na moja. Nilihesabu kwenye daftari langu la mahudhurio. Mara kumi na moja tulibeba sukari, sabuni na mikate, tukaimba, tukafundisha habari ya Zakayo, tukapiga picha. Moja ya picha hizo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo kanisani: mimi nimembeba mtoto huyuhuyu begani, tunacheka, na chini yake pameandikwa maneno ya Yakobo 1:27.

Nimeurudia mstari huo mara nyingi tangu siku ile. Unazungumzia kwenda kuwatazama "yatima na wajane katika dhiki yao". Sisi tulisoma yatima, tukaruka wajane. Na huyu mama, kwa jinsi alivyoachwa na vita, ni mjane wa aina hiyohiyo, kilomita kumi na kitu kutoka pale tulipokuwa tukimbeba mwanawe begani. Nilikuwa napita mtaa wake kila Jumapili kwenda ibada ya Kiswahili.

Watu wa Kampala tunapenda kuwasema wazungu wanaokuja mwezi wa saba na fulana za rangi moja, wanakaa wiki mbili, wanalia uwanja wa ndege. Ni kweli wanakuja. Lakini tuseme na yetu. Nani hufanya sherehe ya kuzaliwa kwenye makao ya watoto ili keki ipate baraka? Ni kampuni gani hapa mjini haijapeleka magunia ya unga mwezi wa Desemba na mpiga picha mbele? Sisi tulikuja kwa taksi ya kukodi kutoka Katwe, tena wengi wetu wakimbizi, na bado tulikuwa wageni wa saa tatu. Mtoto wa makao hajui tofauti. Kwake wote ni watu wanaobeba, wanacheka, wanaondoka.

Ziara

Sasa niseme tulivyoharibu.

Nilimwambia Pasta habari ya faili na "anasemaka". Pasta ni mtu wa furaha. Jumapili alitangaza madhabahuni kwamba Mungu amefunua mama aliyedhaniwa amekufa. Wakongomani wa Katwe wanajuana, kwaya peke yake ingetosha kuwa ofisi ya upelelezi. Kabla ya wiki mbili kuisha mama alipatikana. Hakuwa amejificha, ni sisi tu hatukuwahi kuuliza.

Jumamosi ya pili ya Julai tulikwenda watu kumi na wanne. Mama aliazimwa kitenge na viatu. Simu zilikuwa tayari. Dada mmoja wa kwaya aliniambia njiani kwamba video hiyo itawagusa watu wengi, na sikumkatalia, kwa sababu moyoni nilikuwa nimekwishaipanga.

Makao yale, kama mengi, yana desturi: wageni wakifika watoto hujipanga mistari mitatu, wadogo mbele, wanaimba wimbo wa makaribisho kwa Kiingereza na kupiga makofi. Hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto lolote. Alikuwa mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto. Nilimwona alipomwona mama yake. Mdomo haukusimama. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akapiga makofi pale yanapopigwa. Wimbo ulipokwisha wote waligeuka, kama wafanyavyo kila Jumamosi, wakaanza kupita kwa zamu wakiwapa wageni mkono. Akafika kwa mama yake. Akatoa mkono wa kulia, akasema kwa Kiingereza kwamba anamkaribisha.

Mama akasema, "Ni mimi."

"Najua," akajibu. Kisha akageuka kumwangalia matroni, kama mtu anayeomba ruhusa.

Simu moja tu ndiyo iliyorekodi, na mwenye simu aliifuta mwenyewe ndani ya taksi bila kuambiwa.

Usiku matroni alinipigia. Mtoto hakula, alikojoa kitandani, alikuwa amejikunja chini ya chandarua na hataki kusema na mtu. Nikaanza kumwombea kwenye simu. Matroni akanikata: "Dada, ninyi mmekuja na sherehe, mmeondoka na sherehe. Mimi ndiye niliyebaki naye." Sikuwa na jibu. Ni mwanamke aliyekuwa analala na watoto ishirini na wawili kwenye bweni moja, na katika miaka yangu ya kujitolea sikuwahi kumuuliza yeye anahitaji nini.

Nikiitazama siku ile kwa utulivu, kosa halikuwa kumleta mama. Kosa ni kwamba tulimfanyia mtoto jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake mbele ya hadhira, na hadhira hiyo ilikuwa sisi. Mama alipaswa kuja siku ya kawaida, na matroni awepo, mtoto awe ameandaliwa kwa maneno machache siku moja au mbili kabla, wakae wawili chini ya mti. Wala hatukuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Tuliamua wenyewe, kwa imani.

Meza ya ofisa

Jumatatu iliyofuata nilikwenda makao makuu ya wilaya, mjini Wakiso, kwenye barabara ya Hoima. Wakiso ndiyo wilaya yenye watu wengi kuliko zote Uganda, sensa ya 2024 iliihesabu zaidi ya milioni 3, na meza ya ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii inaonyesha hivyo: mafaili yamepanda hadi humwoni aliyekaa nyuma yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Swali lake la kwanza: "Nani aliwaruhusu kumpeleka mama?" La pili: "Amri ya mahakama ya kumweka mtoto pale iko wapi?"

Haikuwapo. Na hapa ndipo nilipojifunza mambo ambayo kiongozi wa kundi la kujitolea anapaswa kuyajua kabla ya kununua sukari. Chini ya Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyorekebishwa 2016, na kanuni za makao yaliyoidhinishwa za 2013, makao yanatakiwa yawe na leseni, na mtoto huwekwa humo kwa amri ya Mahakama ya Familia na Watoto, ofisa wa probesheni akiwa ndiye anayepeleka shauri. Amri hiyo ina mwisho, haizidi miaka mitatu, na hupitiwa angalau kila mwaka. Sheria inayaona makao kama mahali pa muda, mtoto atunzwe hadi wazazi waweze tena. Mwongozo wa serikali wa malezi mbadala wa 2012 unaenda mbali zaidi: familia ya mzazi kwanza, kisha ndugu, kisha familia ya kumlea au ya kumwasili, na makao yawe mwisho kabisa. Umoja wa Mataifa uliandika 2009 kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake, na 2019 Baraza Kuu lilitaja moja kwa moja madhara ya kujitolea kwenye makao ya yatima.

Yote hayo yalikuwa yameandikwa wakati sisi tukiimba habari ya Zakayo.

Kwa nini basi makao mengi yapo, na watoto wengi humo wana mzazi? Sababu moja ni historia. Vita vya Luwero, kisha UKIMWI uliofagia Rakai na Masaka miaka ya 1980 na 1990, viliacha yatima wa kweli kwa maelfu, na makanisa yalijenga. Nyumba zikishajengwa hazibomolewi kwa kuwa dawa za kufubaza virusi zimefika. Zinabaki na vitanda, na kitanda kina mfadhili wake. Mkurugenzi wa makao yale, ambaye ni mtu mcha Mungu na simtanii, alinieleza hesabu waziwazi: kila mtoto ana kadi, kila kadi ina familia ng'ambo inayotuma pesa kila mwezi, na pesa hizo ndizo zinalipa matroni, mwalimu na umeme. Mtoto mmoja akirudi kwao, mshahara wa mtu unatikisika. Hakuwa anaficha kitu. Alikuwa hajawahi kukaa chini akalitamka.

Ofisa alitaka ushahidi kwamba mama ni mama. Mama akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi ya usajili wa wakimbizi ya familia: jina lake, picha yake, na chini yake jina na picha ya mtoto, miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo. Kwa mwaka na nusu ofisi moja ilikuwa na karatasi inayosema ana mama na droo nyingine ina karatasi inayosema hana. Hakuna aliyezikutanisha.

Yaliyofuata yalikuwa ya polepole, na sasa naona polepole hiyo ndiyo iliyokuwa dawa. Ofisa alikwenda Katwe na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akaangalia chumba, akauliza majirani. Kituo cha afya kiliandika kwamba mama amepona. Mama akaanza kwenda makao kila Jumapili mchana, peke yake, bila sisi. Jumapili ya kwanza mtoto alikaa naye dakika kumi akaomba kwenda kucheza. Ya nne alikataa kumwachia kitenge. Likizo ya Septemba alilala Katwe wiki moja. Desemba 2024, shule zilipofunga, alirudi kabisa, na karatasi zikasainiwa.

Mkurugenzi alimwandikia mfadhili: je, anaweza kuendelea kumsaidia mtoto akiwa kwa mama yake? Mwezi mzima kimya, kisha jibu la shirika linalopitisha pesa: mpango wao ni wa watoto wasio na familia. Yaani mtoto alikuwa na haki ya ada, viatu na kifungua kinywa kwa sharti moja tu, asiwe na mama.

Mshahara wa mama wa Musa

Kanisani lilizuka bishano. Shemasi wetu mmoja alisema wazi kwamba tumemtoa mtoto kwenye shibe tukamrudisha kwenye njaa, na kwamba pesa ya huduma ya yatima haiwezi kumlipia kodi mtu mzima. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeandaa hoja za sheria, nikaona haziendi popote.

Akasimama bibi mmoja wa Bukavu ambaye kwa kawaida husimama kutoa ushuhuda wa magoti. Akauliza, binti Farao alipomwokota Musa mtoni, alimpeleka wapi? Watu wakajibu, kwenye jumba la mfalme. Akasema hapana, rudini mkasome Kutoka sura ya 2. Alimrudisha kwa mama yake mzazi amnyonyeshe, na akamlipa mama mshahara. "Binti wa mpagani aliwaza kumlipa mama. Ninyi mnaojaa Roho mnawaza nini?" Akakaa.

Hesabu ilifanywa palepale. Ziara moja yetu, yaani taksi ya kukodi, soda, mikate, sabuni na zile fulana tulizochapisha, ilizidi kodi ya miezi mitatu ya chumba cha mama huyu. Tukasimamisha ziara. Pesa ikawa kodi ya miezi sita, mtaji wa vitenge na nafasi kwenye likelemba ya akina mama wa kwaya, ambako kila wiki mmoja wao hupokea michango ya wote.

Wajitolea walipungua kutoka kumi na wanne hadi watano. Siwalaumu walioondoka, kazi mpya haina picha. Mmoja anampeleka mtoto shuleni siku ambazo mama anatoka alfajiri. Mwingine anakaa naye jioni kwa masomo ya Kiingereza, mlango ukiwa wazi na jirani akiwa uani, kwa sababu tumejiwekea utaratibu kwamba hakuna mtu mzima wa huduma anayebaki faragha na mtoto, hata awe mzee wa kanisa. Wote watano tulikwenda polisi kuchukua vyeti vya mwenendo mwema. Kuna aliyechukizwa, akasema miaka yote anahudumu na sasa anapigwa alama za vidole kama mwizi. Nikamwambia langoni kule makao hatukuwahi kuulizwa hata majina. Namba 116, simu ya bure ya watoto inayoitwa Sauti, imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa darasa la Jumapili, na watoto wanajua kwamba wanaweza kutushtaki hata sisi.

Sisemi kila mtoto arudishwe. Wapo waliotoka kwenye nyumba za kipigo na unajisi, wapo ambao kweli hawana mtu, na kwa hao kazi ni kutafuta familia ya kuwalea, jambo ambalo makanisa yetu yenye watu mia tatu kila Jumapili hayajalijaribu hata kidogo. Kisa hiki ni cha mtoto ambaye mama yake alikuwa anakohoa.

Katwe

Kurudi hakukuwa kutamu. Wiki za kwanza aliulizia mkate wa asubuhi, maana kwa mama yake asubuhi ni chai ya rangi na muhogo. Alilala na viatu chini ya mto, kwa kuwa bwenini visipolindwa huvaliwa na mwingine. Alimkumbatia kila aliyeingia uani, muuza jerikeni, mgeni wa jirani, mtu wa kukusanya kodi, akiwashika mkono na kuwauliza wataondoka lini. Watu walimsifu kwamba ni mtoto mchangamfu. Mama yake hakuona uchangamfu. Siku moja aliniuliza: "Kule walimfundisha kupenda kila mtu?" Shule ilibadilika pia, kutoka ya mfadhili hadi ya UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, ambayo ni ya bure kwa jina lakini inadai sare, vitabu na chakula cha mchana.

Machi 2025 mvua ilishuka, na anayeijua Katwe anajua maji huelekea wapi. Yaliingia chumbani usiku, yakalowesha mzigo mzima wa vitenge. Asubuhi shemasi yuleyule alinipigia, kwa nia njema, akashauri mtoto arudishwe makao "kwa muda kidogo tu, mama ajipange". Nikaisikia Januari 2023 ikirudi na sauti yake ileile. Tulichofanya ni kidogo: mama na mtoto wote wawili walilala siku nne kwa dada mmoja wa kwaya, kwenye uchochoro uleule, na likelemba ya wiki hiyo akapewa yeye ingawa haikuwa zamu yake. Vitenge vilianikwa kwenye kamba ya kanisa, vikauzwa kwa bei ya kutupa.

Mwezi wa tano nilipita kuwasalimu bila kupiga simu. Mama alikuwa anaosha sombe, majani ya muhogo, akanitazama kutoka chini kwa muda. "Dada, leo umekuja kusalimia ama kukagua?" Nikasema kusalimia. Akasema basi nikae, na nisiangalie sufuria. Tangu siku hiyo napiga simu kwanza.

Agosti mkurugenzi wa makao alinitafuta mwenyewe. Amepitia droo yake yote. Kuna mafaili mengine tisa yaliyoandikwa "yatima" kwa kalamu ile ya buluu, mwandiko uleule, hayana karatasi nyingine ndani. Nimeyapeleka Wakiso. Ofisa aliyapanga juu ya meza yake, akayaangalia, akasema tuanze na moja, na kwamba safari hii lisitangazwe kanisani.